Wiki moja mwaloni Ukara: nilienda kupumzika, nikaishia kuanika dagaa

Kabla sijaondoka kila mtu ofisini aliniuliza swali lilelile, sasa huko mwaloni utakuwa unafanya nini wiki nzima? Nikawa najibu "napumzika tu" kwa sababu jibu lingine sikuwa nalo. (Mwalo ni pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia.) Ukweli ni kwamba naishi Mwanza huu mwaka wa tisa, dagaa nakula karibu kila wiki, na sikuwa nimewahi kumwona dagaa anatoka majini. Mimi mtu wa Kwimba, kwetu ni ng'ombe na mpunga na vumbi, ziwa nililiona mara ya kwanza nina miaka kumi na nne nikadhani ndo bahari. Sasa kuna kaka mmoja tunafanya naye kazi, mama yake mdogo ameolewa Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, wilaya ya Ukerewe, akampigia simu akamwambia nakuletea mgeni, mama akajibu aje, na aje na sukari.

Nimeandika nikiwa nimesharudi, nimeunganisha vijinotisi vya kwenye simu na picha, kwa hiyo bei zingine ni za kukumbuka, zikipishana kidogo mnisamehe. Jina la mwalo nimeliacha makusudi, wenyeji wangu hawakuniomba niwatangaze.

Jumamosi, 6 Septemba 2025: Mwanza mpaka Nansio, kwa njia ndefu

Mpango ulikuwa meli ya asubuhi kutoka Bandari ya Kaskazini, masaa matatu na kitu uko Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, unapigwa upepo huku Mwanza na mawe yake yanabaki nyuma. Nikachelewa. Hakuna wa kumlaumu, nilisimama Makoroboi kununua sukari kilo tano na chaja ya simu, kuja kufika bandarini meli inageuza. Badala ya kutulia nisubiri nyingine nikajifanya mjanja, nikapanda daladala mpaka stendi ya Nyamhongolo nikapata basi linalozunguka kwa barabara.

Kwa asiyeijua hiyo njia, unatoka Mwanza unapita Magu, Lamadi, unapita pembeni kabisa ya Serengeti pale geti la Ndabaka, unafika Bunda, hapo mnakata kushoto mnaitafuta Kibara mpaka Kisorya, halafu mnavuka na kivuko kwenda Rugezi, ukishuka Rugezi tayari uko Ukerewe. Nililipa elfu kumi na tano. Mpaka Bunda ni lami na usingizi, hakuna la kusimulia.

Kisorya ndo tuliona cha moto. Foleni ya magari ilikuwa imekaa na sisi tukakaa, masaa mawili na nusu, jua la saa nane, kivuli cha mwembe mmoja kinagombaniwa na watu sitini na mbuzi wa mtu. Kivuko kilipokuja kikashusha kwanza lori la machungwa linatoka Ukerewe, utingo alikuwa juu ya mzigo, alivyotuona tulivyokauka akaanza kuturushia machungwa mojamoja, hachagui mtu, anarusha tu na kucheka. La kwangu lilinipiga kifuani. Lilikuwa la moto kwa jua na tamu vibaya mno.

Kwenye kivuko abiria wote mnashuka kwenye basi mnaingia kwa miguu, kwa hiyo ukiwa na mzigo wa thamani shuka nao, na usisinzie upande wa pili maana basi likishatoka kivukoni halikusubiri sana. Mimi nilikimbizana nalo na kilo tano za sukari begani.

Nansio niliingia saa mbili usiku, gari la matangazo ya kampeni linazunguka na spika, mji mzima unaimbishwa. Gesti elfu ishirini, chumba kisafi, maji ya ndoo. Nikala wali na sato wa mchuzi kwa mama lishe jirani, elfu nne, nikalala kama gogo.

Jumapili, 7 Septemba: Bugolora, Bwisya, na mwezi

Ukitaka kwenda Ukara unatoka Nansio unaenda Bugolora, upande wa kaskazini wa kisiwa, haisi zipo ila zinaondoka zikijaa, na kujaa kwa Bugolora sio kujaa kwa mjini. Tulikuwa watu wanne kwenye siti ya watu watatu, mwenye kuku miguuni akanipa kuku mmoja nimshikie, sikuulizwa. Muda wa kivuko uliza Nansio jana yake, mimi sikuuliza nikakaa Bugolora saa zima na dakika arobaini.

Hapa kati ya Bugolora na Bwisya, ambako ndo kwenye gati la Ukara, ndipo kilipozama kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, watu wametoka sokoni na mizigo yao, wamebakiza hatua chache kufika gatini Bwisya. Zaidi ya watu 220 walikufa. Nilikuwa najua hivyo kwenye habari kama wote tulivyojua, ila ni kitu kingine ukiwa umekaa kwenye kivuko kipya kilicholetwa baadae, unaona gati la Bwisya linakaribia, na ghafla watu waliokuwa wanapiga stori za bei ya mihogo wananyamaza. Hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja pembeni yangu alimsogeza mtoto wake mapajani, tulivyogusa gati akamwachia, stori zikaendelea.

Kutoka Bwisya bodaboda elfu tatu mpaka mwaloni. Mama mdogo alikuwa anasubiri barabarani, nikaweka mzigo chini nikainama "shikamoo mama", nikaongeza na "mwangaluka" ya kwetu Wasukuma nikidhani kanda ya ziwa ni moja, akacheka mpaka akashika kiuno, "marahaba mwanangu, huku ni kwa Wakara, hiyo mwangaluka yako kaisalimie ng'ombe zako Kwimba." Sukari ilipokelewa kwa heshima kuliko mimi.

Jioni ugali wa udaga, huu wa muhogo uliovundikwa, mweusimweusi, una harufu yake, ukiuzoea unaona sembe kama karatasi. Tumekaa nje, mwezi mpevu umepanda, nikauliza sasa wavuvi wanatoka saa ngapi maana nataka kuwaona. Baba mkwe wake Mama mdogo, Babu, mzee aliyevua tangu ujana mpaka mgongo ukakataa, akanitazama kama mtu aliyeuliza duka la mvua.

"Unauona huo?" akaonyesha mwezi. "Sasa atoke nani?"

Hapo ndo nikajua nimekuja tarehe mbovu kuliko zote za mwezi. Dagaa anavuliwa kwa taa, anaifuata taa kwa sababu kwingine ni giza. Mwezi ukiwaka hivi dagaa hana haja na taa yako, anatawanyika ziwa zima, unachoma mafuta bure. Kwa hiyo siku za mbalamwezi, kama kumi hivi, mitumbwi ya dagaa inalala nchi kavu. Kalenda ya mwaloni ni giza na mbalamwezi, hizi Jumatatu na Ijumaa ni za watu wa serikali.

Halafu, kama vile kunidhihaki, kwenye saa moja na nusu mwezi ukaanza kumegeka. Tulidhani wingu. Saa mbili na nusu ulikuwa umepatwa wote, mwekundu kama tofali, nyota zikajitokeza ambazo dakika chache nyuma hazikuwepo, watoto wanapiga kelele mwalo mzima. Kijana mmoja akaruka, "giza hilo, giza la bure, tusukume mtumbwi!" na mwenye mtumbwi akamjibu toka gizani bila hata kusimama, "na mafuta ya kuvua lisaa limoja analipa nani, baba yako?" Kabla ya saa tano mwezi ulikuwa umerudi wote, mweupe, na mimi nikaenda kulala nikiwa nimesharidhika na safari hata kama nisingeona kingine.

Jumatatu na Jumanne, 8 na 9 Septemba: siku za kushona

Sasa lile swali la ofisini. Mbalamwezi watu mwaloni wanafanya nini? Wanatengeneza. Mtumbwi unapinduliwa, nafasi za mbao zinazibwa kwa pamba, injini inafunguliwa na fundi mmoja mwenye wateja kumi na moja, madeni yanadaiwa, na nyavu zinashonwa. Babu akaniweka kwenye mkeka kivulini, akanipa sindano ya mbao yenye uzi, akanionyesha fundo mara mbili, ya tatu akakataa kunionyesha. Nilishona matundu matatu kwa masaa mawili. Jumanne alfajiri natoka nje nikamkuta anafumua kazi yangu taratibu, kuniona akasema "panya hawa" na kuendelea. Hatukuliongelea tena.

Nikamuuliza nikae mpaka lini ndo nione dagaa. Akaniambia hesabu yake: mwezi ukishakuwa mpevu, kila siku unachelewa kutoka, karibu lisaa. Leo unachomoza jua limeshazama kidogo, keshokutwa saa tatu, Ijumaa karibu saa tano. Ile nafasi kati ya jua kuzama na mwezi kutoka ndo giza la kwanza, wenye njaa wanaliwahi hilohilo. Wewe una njaa? Nikamwambia ninayo. Basi subiri Ijumaa.

Jumanne mchana dogo wa nyumba, yuko darasa la saba, alinitembeza kisiwa kwa bodaboda ya kaka yake, mafuta juu yangu elfu tano. Kisiwa ni kidogo na watu wamejaa, ardhi haipumziki hata kidogo. Wakara wanajulikana toka zamani kwa kilimo chao, ng'ombe anafungwa hapohapo nyumbani analetewa majani, samadi inabebwa kichwani mpaka shambani, kila mti una mwenyewe. Nilichuma kijani kimoja tu cha mti wa njiani, nachezea, dogo akaniambia "bro, acha, huo wa mtu." Nikadhani utani. Sio utani.

Tulifika kwenye jiwe linalocheza, ambalo nadhani ndo kitu pekee cha Ukara ambacho watu wa mbali wamekisikia. Ni jiwe kubwa limekaa juu ya mawe mengine, wenyeji wanaliimbia linacheza. Kuna mzee anakupeleka, tulimpa elfu tano, akaimba, sisi tukaitikia tusichokijua. Mimi naapa lilitikisika. Dogo aliyekuwa anarekodi anasema kilichotikisika ni simu. Video ninayo, nimeiangalia mara nyingi, sijaamua.

La muhimu kwa mtakaokuja: msiingie majini hovyo. Joto litakushawishi, maji masafi, watoto wanaogelea. Ziwa hili lina kichocho, kinatoka kwenye konokono wa pembezoni kwenye majani, kinaingia kwa ngozi tu, sio lazima unywe. Na mamba wapo. Dogo aliniambia sehemu wanayochotea maji na sehemu ambayo hata ng'ombe hawapelekwi. Mimi nilioga ya ndoo, ila mwaloni huwezi kukwepa kukanyaga maji, kwa hiyo nimerudi nikaenda zahanati, nesi akaniambia dawa haiui wadudu wakiwa bado wachanga, nirudi baada ya wiki kama sita nipime. Nimeweka kikumbusho kwenye simu.

Jumatano, 10 Septemba

Upepo siku nzima, nililala, nikala, nikalala. Jioni tu uliingia mtumbwi wa nyavu za makila, wa sangara, hao mbalamwezi haiwahusu sana. Sangara sita. Mmoja alikuwa mdogo, wakampima kwa macho wakaanza kubishana kama amefika sentimita hamsini, kisheria chini ya hapo hatakiwi kuvuliwa, na mabishano yakaisha ghafla jamaa wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo, alipotokea na rula. Mkubwa alipasuliwa palepale, na kitu kilichoshikwa kwa adabu kuliko nyama ni bondo, lile puto la ndani ya tumbo, likaoshwa, likawekwa kwenye mfuko wake peke yake, likaenda mfukoni kwa mwenye mali. Babu anasema enzi zake walikuwa wanamrushia mbwa.

Alhamisi, 11 Septemba: gulio

Mama mdogo alikuwa anaenda gulio Bugolora, nikambebea mzigo. Kwenda na kurudi kivuko hakikufika elfu tano kwa wote wawili. Gulio lina kila kitu, mitumba, mihogo, vitunguu, majembe, wauza dawa ya mende wenye spika, na machungwa kwa ndoo. Nilinunua kofia ya elfu tatu, ikachukuliwa na upepo tunarudi, iko ziwani.

Tulivyoshuka Bwisya Mama mdogo akasema tupite hapa. Ni pale walipozikwa baadhi ya watu wa MV Nyerere, kuna mnara, makaburi yamepangwa mistari. Hakulia wala nini, alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kaburi moja kama mtu anayejua njia ya chooni kwake gizani, akaondoa majani makavu, akasimama. "Alikuwa jirani yangu. Siku hiyo mtoto aliamka na homa, mimi sikwenda gulioni, yeye akanichukulia pesa zangu aniletee mchele." Akaweka ndoo yake kichwani. Njiani tukaongea habari za bei ya mkaa.

Sijui kama hii inaingia kwenye "vitu vya kufanya" lakini ukifika Ukara pita pale.

Ijumaa, 12 Septemba: giza la kwanza

Kupanda mtumbwi wa wavuvi sio kudandia. Asubuhi nilienda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha BMU, kisha Babu ndo akaongea na tajiri (mwenye mtumbwi anaitwa tajiri hata kama ana mtumbwi mmoja na madeni). Sikutozwa hela, nilitoa elfu ishirini ya mafuta kwa hiari. Masharti yalikuwa matatu: nivae laifu jaketi, nisishike kitu mpaka niambiwe, na nikitapika nitapike upande upepo unakokwenda. Laifu jaketi beba yako toka Mwanza kama unayo, ya kuazima ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Tulisukuma saa kumi na mbili jioni, watu watano na mimi wa sita. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri, mchana zinachajiwa kwa sola, usiku zinawekwa juu ya maboya zinashushwa majini mojamoja, mnaziacha zielee kwa mstari, mnasogea pembeni, mnangoja. Sikutegemea kungoja kule. Saa nzima hakuna anayeongea zaidi ya kunong'ona, chai ya chupa inazunguka na kikombe kimoja, muhogo wa kuchemsha, wadudu wa ziwani wanaingia mpaka kwenye chai, nikawatoa wa kwanza kwa kidole, wa pili nikamnywa. Pande zote taa za mitumbwi mingine, sio nyingi kwa sababu wengi bado wanasubiri giza kamili. Nahodha anasema wiki ijayo ungeona, utadhani umesimama kilimani Kapripoint, Mwanza, unatazama mji.

Halafu nikatapika. Upande sahihi. Wakanipongeza.

Kwenye saa mbili na nusu maji chini ya taa ya kwanza yakaanza kuchemka bila moto. Ukikaza macho unaona ni maelfu ya vitu vyembamba vinazunguka, kila kimoja kinameta kidogo halafu kinazima. Wanaivuta ile taa taratibu sana kuja mtumbwini, taratibu kweli, kama unavyomhamisha mtoto aliyelala, na dagaa wanaifuata, wavu umeshatangulia chini, halafu nahodha anasema neno moja na wote wanavuta kwa pamoja kwa nguvu ambayo sikuona walikokuwa wameificha. Wale dagaa wakimwagika kwenye mbao wanalia kama mvua kwenye bati. Mimi niliruhusiwa kushika kamba kwenye mvuto wa tatu na mikono inanikumbusha mpaka leo naandika.

Nilimwokota mmoja nikamweka kiganjani. Miaka tisa namla na nyanya, sikujua kwamba akiwa hai unakaribia kuona upande wa pili.

Karibu saa tano mwezi ukatokeza upande wa Majita, umemegeka, mwekundu kidogo. Hakuna aliyesema tuondoke. Wakaanza tu kukusanya taa. Tulipata ndoo kumi na moja, wakasema ni kidogo, ya mafuta na ya kula. Kwenye hesabu mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki ndo wanagawana na tajiri, kwa hiyo usiku wa ndoo chache anayeumia ni yule wa kwenye kamba. Kijana wa kupiga kasia aliyekaa mbele yangu ametoka Sengerema, anafuata samaki mwalo kwa mwalo mwaka wa nne sasa, alinipa koti lake tukirudi kwa sababu nilikuwa natetemeka, yeye akabaki na fulana. Nilimrudishia asubuhi nimeweka elfu tano mfukoni mwa koti, mchana akaja kunirudishia, eti nimesahau pesa.

Jumamosi, 13 Septemba: kuanika

Nilidhani nitalala mpaka saa nne. Saa kumi na mbili Mama mdogo anagonga dirisha, "mgeni, wewe si ulikuwa unataka dagaa? Wako huku wanakusubiri."

Alikuwa amenunua ndoo nne pale ufukweni, elfu ishirini na mbili kila moja, bei ya mbalamwezi, giza likikolea inashuka. Na hapa nieleze kitu ambacho ningependa kukijua miaka yote ninayonunua dagaa Mwanza. Kuna dagaa wa chini na dagaa wa chanja. Wa chini wanamwagwa mchangani, wanakauka haraka, wanakusanywa kwa fagio, mchanga unakuja nao, wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku. Wa chanja wanaanikwa kwenye nyavu iliyotandazwa juu ya nguzo, upepo unapita juu na chini, wanabaki weupe, safi, bei nyingine kabisa. Sasa kwanini wote wasitumie chanja? Nilimuuliza Mama mdogo. Akanijibu, "nguzo nitachonga kwenye miti ya nani?" Nikakumbuka kale kajani kangu ka Jumanne.

Yeye anayo chanja moja, ndogo, inatosha ndoo mbili na nusu. Zilizobaki zikaenda mchangani juu ya wavu chakavu ili zisishike mchanga sana. Kuanika nako kuna ufundi, unachota kwa bakuli unatupa kwa mkono unaotetema, wanaangukia wametawanyika. Wangu walianguka kama ugali. Niliwatenganisha mmojammoja kwa vidole karibu saa nzima, yangeyange wamesimama mita tatu wananiangalia, nikigeuka wamesogea.

Saa tisa likaja wingu toka ziwani. Hakuna aliyepiga filimbi, ila ghafla mwalo mzima wanawake wanakimbia, wenye watoto mgongoni, wenye khanga imeshikwa na meno, kila mtu anakusanya cha kwake na akimaliza anakusanya cha jirani. Nilishika pembe ya turubai na bibi mmoja nisiyemjua, mikono yangu yote miwili na yeye wake mmoja, akanishinda nguvu. Mvua ilinyesha dakika kumi tu. Wale wa chanja tuliwaokoa wote, wa chini kama bakuli nne zikalowa, Mama mdogo akazitazama akasema "hao wa kuku", akaenda kupika.

Usiku alinichambulia dagaa wabichi waliokuwa wametengwa, akawakaanga na limao na chumvi tu, tukala na udaga. Babu akanisogezea sahani yake na aliyobakiza. Nimekula hotelini nyingi, sitaki kufananisha.

Jumapili na Jumatatu, 14 na 15 Septemba: kurudi

Ukara mpaka Nansio bila tukio, nikalala gesti ileile, Jumatatu nikawahi bandarini mapema mno, nikawa wa tatu kwenye foleni. Tiketi ya daraja la chini haikufika elfu kumi. Ukikaa juu jipake mafuta na ufunge kofia, mimi sikuwa na kofia, mnajua ilipo. Meli ilitulia, ziwa kama sahani, na saa saba kasoro jiwe la Bismarck, lile la majini pale Mwanza, lilikuwa linaonekana.

Ukienda mwaloni toa keshi Nansio, mawakala wa simu wapo vijijini ila hawana pesa za kutosha kila siku. Beba tochi, dawa ya mbu, sukari. Na kabla hujakata tiketi angalia mwezi, hesabu siku tano baada ya mpevu ndo uondoke.

Mama mdogo alinifungia sado mbili za dagaa wa chanja. Moja ni ya yule kaka wa ofisini, nyingine niligawana na konda na dada wa siti ya mbele kwenye meli na mlinzi wa mtaani kwetu, nikafika ndani na konzi moja. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikaenda mwaloni Kirumba, hapahapa Mwanza, kununua kama kawaida. Muuzaji akaniambia hawa ni wa chanja, hawajagusa mchanga. Nikachukua wachache nikasugua kiganjani nikamwonyesha kiganja. Akakitazama, akanitazama na mimi usoni uliobabuka jua, akauliza, "umetokea Ukerewe, eti?"

Akashusha jero.